Chupa ya Jamu na Kandambili ya Kushoto

Jumapili, 7 Juni

Leo nimeona kitu. Silali kabla sijakiandika.

Tulialikwa kwa Meneja. Meneja ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Sababu iliyotajwa: tule chakula cha mchana na mama mkwe. Sababu ya kweli: tukaione televisheni yake mpya, pana kama mlango. Nikaapa moyoni sitaisifu. Nikakaa nimeipa mgongo kidogo, ili ijue.

Kisha ikaanza makala. Mke na mume, nyumba ndogo, bustani nyuma. Hawatupi kitu! Maganda wanayarudisha udongoni. Shati likichakaa linakuwa tambara, tambara likichakaa linakuwa utambi, utambi ukiisha sijui unakuwa nini, nilikuwa nimeshaanza kufuta machozi. Mwishoni yule mwanamke akainua chupa ya jamu. Ya kawaida tu, ya kifuniko chekundu. Akasema hizo ndizo taka zao za mwaka mzima. Na chupa haikujaa!

Mimi, mtu wa makamo, mchonga funguo mwenye kibanda changu mwenyewe, nikaona vinyweleo vya mkono vimesimama. Msimulizi, bwana mmoja mwenye sauti nzito, akamalizia kwamba duniani hakuna mahali panapoitwa huko. Unachokitupa huko, kitakurudia hapa. Nikaomba kalamu nikayaandika maneno hayo kiganjani. Bado sijanawa.

Ndipo mama mkwe, ambaye televisheni kwa kawaida humlaza usingizi, akasema kwamba watu kama wale angeweza kuishi nao hata kesho.

Nikamtazama Meneja. Meneja akanitazama.

Si jambo dogo. Mama mkwe amechoka kukaa peke yake. Amekubali kuhamia kwa mmoja wa binti zake, na wiki hii anatupima: analala kwa Meneja, anashinda kwetu. Ni mtaa wa pili tu kwa miguu. Jumapili ijayo atasema anakaa wapi. Mke wangu anamtaka mama yake kwa moyo wote. Hapigi kelele, si tabia yake. Lakini ameshashona pazia la chumba kidogo, na kila nikirudi nalikuta mapajani mwake, analikunja na kulikunjua.

Kwa hiyo tutakuwa watu wa chupa. Nimeamua njiani. Sijawahi kuamua kitu kikubwa hivi nikiwa nimeshiba.


Jumatatu, 8 Juni

Kupata chupa. Kazi kuliko nilivyodhani. Dukani chupa za jamu zote zina jamu! Nyumbani tunayo moja, ilikuwa imefika nusu. Nimesimama kabatini na kijiko hadi ikaisha. Tumbo linaunguruma kama mashine yangu ya funguo, lakini chupa nimeipata. Nimeiosha, nimeifuta, nimeiinua dirishani. Ajabu, mtu anaweza kuishi na chupa miezi asiijue.

Nikamtangazia mke wangu kwamba kuanzia leo hakuna kitu kinachotupwa katika nyumba hii. Akauliza kama ni pamoja na vitu vya chumba kidogo. Nikamwambia vile si taka, ni miradi iliyochelewa. Kuna mashine ya kutotolea vifaranga niliyoitengeneza kwa friji bovu. Kuna masanduku ya uyoga. Kuna mabomba ya kitu ambacho nitakikumbuka. Akaniuliza, kwa upole unaotisha, mama yake atalala juu ya nini. Swali zuri. Kuondoa kila kitu chumbani bila kutupa hata kimoja! Nimebaki kuushangaa ugumu wake kama mtu anayetazama mlima.

Mama mkwe aliingia asubuhi na kikapu chake cha kifuniko, kile ambacho hamruhusu mtu amsaidie kubeba. Nikamwamkia. Nikamwonyesha chupa. Akauliza jamu iko wapi. Nikamweleza kwamba imekwenda kwa ajili ya dunia. Akasema alikuwa anaitaka kidogo kwa chai.

Jioni Meneja akapiga simu. Eti anatujulia hali. Mtu huyu hajawahi kunijulia hali tangu harusi yake! Baada ya salamu ndefu akadokeza kwamba naye ana chupa. Chupa ya dawa ya kikohozi. Ile ndogo.

Nimekaa chini. Hata adui akifanya jambo kubwa lazima umvulie kofia. Ya kikohozi!


Jumanne, 9 Juni

Chupa imejaa kabla ya chai. Wembe uliokwisha makali, bandeji ya kidole, betri ya saa, kizibo, karatasi ya sabuni, unyoya wa mto. Sikujua kwamba natupa hivyo. Halafu kibandani: chenga za shaba zinazodondoka ninapochonga funguo. Nimechonga za wateja wawili tu na tayari nina kiganja kizima cha vumbi la dhahabu. Yule mume wa kwenye makala bila shaka alikuwa mtumishi wa ofisi.

Kisha, nikishuka ngazi, kandambili ya kushoto imekatika. Si mara ya kwanza. Mwaka jana niliiunga mwenyewe kwa pete ya funguo na waya, fundo langu la siri ambalo hakuna fundi mwingine anayelijua. Safari hii tundu lenyewe limechanika. Imekufa. Na haiingii kwenye chupa! Nimejaribu kwa kisigino, nimejaribu kwa vidole. Nimeikunja mara mbili, ikanirukia usoni.

Nikakaa na ile kandambili mkononi, nimeishiwa mbinu. Na hapo ndipo wazo likanishukia. Sijui mawazo haya hunitokea wapi, wakati mwingine najiogopa. Chupa inapima taka za nyumba yangu. Kitu kilichomo kwenye pipa la Meneja ni taka za nani? Za Meneja.

Saa ya mchana Meneja yuko ofisini na shemeji yuko dukani kwake. Nikajaza kiroba: kandambili, wembe, betri na vingine vyote vya chupani, sanduku moja la uyoga. Nikapita nyuma ya ukuta wao, nikafunua pipa, nikafunika. Nikarudi nikipiga mluzi, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, maana nilisahau kubadili.

Chupa sasa iko tupu juu ya rafu ya sebuleni. Jua la jioni limepita katikati yake, likachora duara ukutani. Nimeitazama mpaka mke wangu akauliza kama naumwa. Sijawahi kuona kitu kitupu namna ile. Ninajivunia.


Jumatano, 10 Juni

Naandika haraka, moyo unanienda mbio.

Asubuhi mama mkwe alipoingia nilimwonyesha chupa. Akaitazama. Akanitazama miguuni. Akaitazama tena chupa. Nikajua imemgusa. Akaweka kikapu chake jikoni, akaanza kumenya vitunguu.

Mchana nilirudi kula. Nikazunguka nyuma ya jiko kulifunua pipa letu, si kwa haja yoyote, ila kufurahia utupu wake. Na humo ndani, juu kabisa, chali, imenitazama: kandambili ya kushoto!

Nikaishika. Pete ya funguo ile ile. Waya ule ule. Fundo langu la siri! Maneno ya kiganjani yakanijia kwa sauti nzito ya yule bwana: unachokitupa huko, kitakurudia hapa. Nilidhani ni namna ya kusema! Kumbe ni habari!

Si hiyo tu. Chini yake kulikuwa na vitu ambavyo sikuvitupa mimi. Tai ya hariri yenye doa la mchuzi. Makopo ya unga wa kupunguza tumbo. Soli za viatu vya mtu mwenye mguu mpana. Maana yake nini? Maana yake dunia hairudishi tu, inarudisha na faida! Mwili mzima ulinisisimka.

Nikamwita mke wangu. Akasema labda nilisahau kuipeleka. Nikala yamini kwamba niliitia pipani kwa mikono hii miwili. Akauliza pipa la nani. Nikasema la mbali. Akauliza ni nani anayetoka huko mbali akaja hapa kila siku. Nikamwambia mambo ya ardhi hayataki maswali ya kiofisi.

Mama mkwe, aliyekuwa na vitunguu vyake pale pale, kikapu miguuni, akasema bila kuinua kichwa kwamba dunia ina mambo. Mama huyu anaelewa. Kati ya watu wote wa nyumba hii, ni mimi na yeye tu tunaoelewa.


Alhamisi, 11 Juni

Nimeamua kuichunguza dunia kwa utaratibu. Kandambili nimeipiga muhuri wa nyundo: namba ninayopiga kwenye funguo za wateja wa maana. Nimeitia kwenye kiroba pamoja na mabomba matatu na masanduku ya uyoga yaliyobaki. Safari hii sikuweka juu. Nimeifukia chini kabisa ya pipa la Meneja, nikaweka mabomba juu yake, nikaweka jiwe juu ya mabomba. Irudi sasa!

Nikiwa nakata kona kurudi nyumbani nikakutana uso kwa uso na Meneja. Saa za kazi! Amevaa suti, amebeba mkoba wake wa ngozi, umevimba kama una mimba. Nikatangulia kumsalimu. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mafua niliyougua mwaka juzi. Nikamuuliza za ofisini, za televisheni, za mgongo wake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Kiroba changu kitupu nilikuwa nimekivaa begani kama shali.

Akasema anakwenda kwenye kikao kizito, amebeba nyaraka. Nikasema nami nimetoka kupeleka funguo. Nyaraka zake zilikuwa zinachuruzika matone. Zilinuka magamba ya samaki. Nikamwonea huruma. Kumbe kazi za mameneja ni nzito kiasi hiki, mpaka karatasi zinatoka jasho.

Alielekea upande wa kwetu. Vikao siku hizi vinafanyika mahali pa ajabu.


Ijumaa, 12 Juni

Imerudi.

Haikurudi pipani. Nilipoamka na kushusha miguu kitandani, mguu wa kushoto ulitua juu yake. Ilikuwa upande wangu, imenyooshwa vizuri, imeelekea mlangoni. Muhuri upo. Na imeoshwa! Nilikuwa nimesahau kwamba ni ya bluu. Miaka yote nimeivaa nikijua ni ya kijivu.

Jiwe! Mabomba! Yote hayakuizuia!

Nilipiga magoti. Sioni aibu kuandika. Niliiomba radhi kandambili kwa yote, hata kwa kuivaa chooni. Nikaahidi sitaitupa tena. Mke wangu, mgongo kwangu, akauliza naongea na nani. Nikasema nasali. Akasema basi niombee na chumba kidogo.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, jana aliondoka mapema na leo amekuja mapema. Nilimsikia jikoni akicheka peke yake. Moyo wake mweupe, mama yule.

Kazini hovyo. Nilimchongea mteja ufunguo nikiwaza, ukawa hauna meno hata moja. Akauliza unafungua nini. Nikamwambia si kila kitu duniani kimefungwa. Akaondoka bila kuaga.

Nimerudi jioni nikamkuta mke wangu chumba kidogo, amekaa juu ya mashine ya vifaranga, pazia mapajani. Analia. Mke wangu halii ovyo. Alifiwa na baba yake akasimama wima akapika chakula cha waombolezaji. Nikakaa karibu naye. Akasema, polepole, kwamba kwa dada yake kuna chumba chenye dirisha mashariki na kitanda kilichotandikwa. Kwetu kuna friji bovu. Akasema toka aolewe amekuwa akimwona mama yake kwa ziara, chai imeiva, chai imekwisha, kwaheri. Anataka kuamka asubuhi amsikie akikohoa chumba cha pili. Hicho tu.

Nimeandika hapa mambo mengi ya kushangaza wiki hii, lakini nilimtazama mwanamke huyu na lile pazia lake nikashangaa zaidi: ametaka kitu kimoja miaka yote hii, na ni mimi nimekilalia na mashine isiyotoa hata kifaranga kimoja.

Mashine itaondoka kesho. Mchana kweupe. Na najua pa kuipeleka.


Jumamosi, 13 Juni

Yamekwisha. Nilivyoaibika leo, sijui kama wino utakubali.

Nilikodi mkokoteni. Nikapakia mashine ya vifaranga, nikaifunika shuka la maua ili ionekane ni zawadi. Mpango: kuisukuma hadi nyuma ya ukuta wa Meneja, kuiegemeza kwenye pipa, kuiachia dunia. Kama itairudisha, itairudisha Jumatatu, mama ameshachagua. Safi kabisa. Njiani watu walinipisha. Mmoja akanipa pole, sijui alidhani nini chini ya shuka.

Nafika geti la Meneja, geti likafunguka lenyewe. Nikashangaa. Akatoka Meneja. Begani amebeba baiskeli ya mazoezi, ile ya kukanyaga bila kwenda popote, imefunikwa shuka la mistari.

Tukasimama. Shuka langu, shuka lake. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Akaniuliza habari za kazi.

Tungesalimiana mpaka jua lizame, lakini mama mkwe, ambaye leo hakuja kwetu, alikuwa pale pale nyuma ya geti, kwenye kiti, anamenya vitunguu. Sijui mama huyu vitunguu anavipata wapi. Akatuambia tushushe. Tukashusha. Akatuambia tufunue. Tukafunua. Akavuta kikapu chake, akaondoa kifuniko, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga chini: wembe wangu. Betri yangu. Tai ya Meneja. Makopo ya kupunguza tumbo. Soli za mguu mpana. Karatasi ya sabuni yangu!

Akasema asubuhi ya Jumatano aliamka kutupa maganda akaona kandambili ya mkwe wake wa pili kwenye pipa la mkwe wake wa kwanza. Akajua imepotea njia, akairudisha. Alipofika kwetu akakuta tai ya mkwe wa kwanza kwenye pipa la mkwe wa pili. Jioni akairudisha. Tangu hapo kila asubuhi anakuja kwetu na mzigo, kila jioni anarudi kwao na mzigo. Akasema amezeeka, lakini hakutegemea kuzeeka akiwa mkokoteni.

Mke wangu, kumbe aliitwa na mama yake tangu asubuhi, na dada yake walikuwa wametoka mlangoni. Dada mtu alijifunika uso kwa khanga. Mke wangu hakujifunika. Alinitazama tu. Nilitamani niingie kwenye ile mashine ya vifaranga nijifungie.

Kisha Meneja, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema sisi tulitaka kuwa kama wale wa kwenye makala. Kwa sababu mama alisema angeishi nao.

Mama mkwe akaweka kisu chini. Akauliza chupa inahusiana nini. Akasema aliwapenda wale watu kwa sababu ya yule mume. Makala nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, mkewe anaongea, yeye anaosha vyombo. Hakusema neno hata moja.

Nilikumbuka makala yote upya. Kweli! Hakusema!

Na kandambili? Nikakusanya nguvu nikamuuliza ni nani aliyeiosha. Akasema ni yeye. Akasema hawezi kukibeba kitu kichafu kwenye kikapu anachowekea mboga.


Jumapili, 14 Juni

Amechagua!

Tulikusanyika kwa Meneja, televisheni imezimwa. Mimi na Meneja tulikaa kochi moja, hatukugusana wala kutazamana. Mke wangu alikaa karibu na mlango, mikono kati ya magoti. Usiku hakuwa amesema nami zaidi ya kuniambia nisogee. Alfajiri niliamka nikatoa kila kitu chumba kidogo, hadi msumari wa mwisho, nikakipanga uani, kando ya mashine niliyorudi nayo jana. Sikumwambia. Alikiona mwenyewe akaenda kutundika pazia, huku akijua huenda halina kazi.

Mama mkwe akazungumza kwa ufupi. Akasema kwa binti yake mkubwa kila kitu kipo. Kuna nafasi, kuna dirisha, kuna msichana wa kazi, na mume akifanya ujinga anaufanya amevaa suti. Binti mkubwa atakuwa salama. Lakini binti mdogo, akasema, anaishi na mtu aliyekula nusu chupa ya jamu akiwa amesimama ili awe na chupa. Mtu anayeomba radhi kandambili. Mtoto huyo hawezi kuachwa peke yake. Anahitaji mama yake karibu, kila siku.

Kwa hiyo atakaa kwetu!

Mke wangu alitoa sauti. Si kicheko, si kilio. Aliruka kutoka pale mlangoni akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake kama binti wa shule, na mama akamshika nywele akasema nyamaza, nyamaza, nimekuja. Dada mtu akalia. Mimi nikalia. Meneja alikuja kunipa mkono wa pongezi, akaubana kwa furaha ambayo sikuielewa, akasema nina bahati, tena akapumua kwa nguvu.

Jioni tumehamisha vitu vyake. Ni vichache mno. Aliweka nguo zake ndani ya mashine ya vifaranga! Akauliza mbona kabati zuri namna hii limekaa uani. Lina rafu tatu, lina mlango, halipitishi vumbi. Kisha akachukua kandambili ya kushoto, akatoa sindano na uzi, akaishona tundu kwa muda mfupi tu, akaivaa. Akaivuta ya kulia kutoka chini ya kitanda changu, akaivaa nayo. Akaelekea bafuni, chwa, chwa, chwa. Nimeambiwa zilikuwa ndogo kwangu siku zote.

Sasa naandika na ninawasikia ukutani. Wanaongea. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia. Mama amekohoa mara moja, na mke wangu akacheka kwa sauti, kwa sababu ya kikohozi tu. Katika mambo yote niliyoyaona wiki hii, hakuna lililonishinda kama hili. Nyumba ni ile ile. Kuta ni zile zile. Lakini imejaa.


Jumatatu, 15 Juni

Nimelala, nimefikiri, nimeelewa.

Tumeshinda kwa sababu ya chupa. Hebu tazama: bila chupa nisingekula jamu. Bila jamu mama asingejua kwamba binti yake anahitaji msaada. Chupa ndiyo iliyomleta! Nimeirudisha kwenye rafu. Nimemweleza mke wangu hoja hii yote. Akasema haya. Kisha akaniomba nioshe vyombo, kwa tabasamu, na mama mkwe akaongeza kwamba nivioshe kimya kimya. Nimeosha. Kimya.

Jioni jirani wa chini alituita kuangalia televisheni. Kulikuwa na makala mpya. Jamani! Familia ya watu watano, baba, mama, watoto, wanaoga kwa kikombe kimoja cha maji kila mtu. Kikombe kimoja! Wanang'aa! Ngozi zao zilinitoa machozi. Msimulizi ni yule yule bwana wa sauti nzito. Safari hii aliongea kuhusu tone. Nimeandika kiganja cha pili.

Mama mkwe alisinzia tangu mwanzo, hakusema angeishi na nani. Lakini usingizini alitabasamu. Nililiona.

Nimeufunga mfereji wa maji wa nyumba nzima, nikauweka ufunguo wake mfukoni, kazi ya dakika moja kwa mtu wa taaluma yangu. Nilikuwa bado na koleo mkononi Meneja akapiga simu. Eti anatujulia hali. Baada ya salamu ndefu akadokeza kwamba ameona makala, naye ana kikombe. Cha kahawa.

Mimi nimechukua kifuniko cha dawa ya kikohozi.

Kesho asubuhi na mapema nitapita kwake kumsalimu, kabla hawajaamka. Nitakwenda na sabuni na taulo.